Trekta lililolala miezi minne: uchambuzi wa stata isiyoitika

Mwisho wa Novemba, bonde la Kilombero. Mawingu yameanza kujikusanya, wakulima wa mpunga wamekwisha kutanguliza pesa za kulimiwa, na trekta lililovuta tela la mpunga hadi Julai halijaguswa tangu hapo. Ni Massey Ferguson 375, injini ya Perkins ya silinda nne, jembe la sahani limefungwa nyuma. Limeegeshwa bandani, mahali penye mteremko kidogo kuelekea mlangoni. Dereva anapanda, anazungusha ufunguo. Kimya. Taa nyekundu za dashibodi zinawaka, lakini stata, mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, haitoi hata ule mlio mmoja wa "tik". Anarudia mara tatu, kisha anamwita utingo: "Lete bisibisi ndefu."

Kisa hiki si cha mtu fulani. Ni hitilafu ambazo hukutwa pamoja kwenye matrekta ya aina hii kila msimu unapofunguliwa, tumeziweka ndani ya trekta moja ili ionekane jinsi moja inavyozaa nyingine. Tunaanza na ile bisibisi, kwa sababu ndiyo inayoua.

Bisibisi ndefu inatumika kuunganisha nguzo nene ya stata inayotoka betri na ile nguzo ndogo ya solenoidi, swichi ya umeme ya stata. Umeme unaruka ufunguo, unaruka na swichi ya usalama inayoizuia stata trekta likiwa kwenye gia, stata inazunguka. Anayefanya hivyo hayuko kwenye kiti. Amesimama chini, ubavuni mwa injini, kati ya gurudumu la mbele na gurudumu kubwa la nyuma, ameinama. Kama gia imeingia, trekta linaondoka. Dizeli haihitaji plagi wala cheche, kwa hiyo kwenye trekta lenye kitasa cha kuvuta cha kuzimia, injini inaweza kuwaka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu mwingine. Kwa mwendo wa kilomita 2 tu kwa saa, tairi linasogea zaidi ya nusu mita kila sekunde, na kutoka alipoinama huyo mtu hadi kwenye tairi la nyuma hakuna hata mita moja. Wengine hudhani injini itazima ikikutana na kizuizi. Haizimi. Gavana ya pampu, yaani kidhibiti mwendo wa injini, ikihisi mzigo inaongeza dizeli, na katika gia ya chini trekta lina nguvu ya kupanda juu ya chochote kilicho mbele ya tairi.

Kwa hiyo bisibisi inarudishwa kwenye boksi la vifaa, na ufunguo unatolewa na kukaa mfukoni mwa anayekagua. Stata iliyonyamaza imetoa taarifa. Kazi ni kuisoma taarifa hiyo, lakini kabla ya kugusa waya wowote kuna trekta zima la kukagua, maana injini iliyolala miezi minne ikiwaka kabla ya kukaguliwa inaweza kujiharibu ndani ya dakika chache.

Kitu cha kwanza ni kabari. Trekta hili limeachwa kwenye gia, na gia ndiyo inayolizuia lisiteremke. Ukipanda na kuirudisha huru kabla ya kuweka kabari, litakutoka. Weka vipande vya mbao vilivyochongwa pembe tatu chini ya magurudumu yote mawili ya nyuma, upande wa mteremko, uvigonge viingie. Jiwe la mviringo halifai, linabiringika. Jembe liwe limeshushwa hadi chini. Likiwa limening'inia, mtu asiingie chini yake.

Halafu tazama ardhi. Doa jeusi chini ya injini ni oili ya injini. Doa lenye harufu kali na linaloteleza vidoleni ni dizeli. Oili ya rangi ya asali chini ya gia boksi au chini ya mikono ya haidroliki inatoka nyuma, na kwenye Massey nyingi oili hiyo ni moja kwa gia na haidroliki, kwa hiyo ikipungua jembe halitanyanyuka. Kwenye trekta hili ardhi ilikuwa kavu. Wengi hapo wangefurahi, lakini dizeli inaweza kuvuja bila kudondoka chini.

Iko wapi? Kijiti cha oili kinasema. Kivute, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kivute tena. Oili ilikuwa juu ya alama ya juu kwa upana wa kidole kizima. Trekta lililolala haliongezi oili lenyewe. Ikiwa oili imepanda, kuna kitu kimeingia: maji au dizeli. Maji huifanya iwe na rangi ya maziwa au chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi, ila nyepesi, ikatiririka kwenye kijiti kama maji, na ilinuka dizeli. Kipimo cha haraka ni kudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na kusubiri: dizeli inajitenga na kufanya duara jepesi linalotanuka nje ya doa jeusi.

Chanzo cha kawaida kwenye Perkins hizi ni pampu ndogo ya kuvuta dizeli, ile iliyofungwa ubavuni mwa bloku ikiendeshwa na kemshafti. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Kikipasuka, dizeli inapita na kuingia moja kwa moja kwenye sampu, beseni la oili lililo chini ya injini. Tangi likiwa juu kuliko pampu, uvujaji unaendelea polepole hata injini ikiwa imezimwa, na miezi minne ni muda mrefu.

Hapa ndipo ilipo hatari ya pili ya kisa hiki. Kama stata ingeitika asubuhi ile, injini ingewaka ikiwa na oili iliyochujuka. Beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini, hubebwa na utando mwembamba wa oili, na utando wa oili iliyochanganyika na dizeli haubebi. Mbaya zaidi, oili ikizidi sana hurushwa na krenki, hupita kwenye pete za pistoni au bomba la kupumulia, ikaingia kwenye silinda na kuungua kama mafuta. Injini ikianza kula oili yake inakimbia yenyewe, na kitasa cha kuzimia hakisaidii, kwa kuwa mafuta hayatoki tena kwenye pampu. Kinachobaki ni kuiziba njia ya hewa kwa ubao au kitu kingine bapa na imara, kamwe si kwa kiganja cha mkono.

Oili yote ilimwagwa ndani ya beseni, filta ikabadilishwa, pampu ndogo ikafungwa mpya. Injini kama hii huchukua oili karibu lita 8 pamoja na filta. Mimina lita 7 kwanza, subiri dakika kadhaa ishuke, kisha kijiti ndicho kiamue kilichobaki. Oili ya daraja la 15W-40 ya injini za dizeli inatosha kwa joto la bondeni. Filta mpya ipakwe oili kwenye mpira wake na ikazwe kwa mkono, si kwa cheni.

Rejeta hufunguliwa ikiwa baridi. Maji yawe chini ya shingo kwa sentimita 2 au 3, na juu yake kusiwe na utando wa oili, maana utando huo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Mabua na mbegu za nyasi zilizonasa kwenye mapezi ya rejeta zipulizwe kutoka upande wa injini kwenda nje. Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili uzame kama milimita 10. Ukiwa na nyufa za ndani, badilisha leo, usingoje ukatike shambani.

Filta ya hewa ilikuwa na kiota cha panya. Manyasi, maganda ya mpunga, pamba iliyochomolewa kwenye kiti. Panya hupenda mabanda yenye mpunga, na wakishaingia kwenye bomba la hewa ujue wameshapita na kwenye nyaya. Bomba lote litolewe na kusafishwa hadi kwenye manifoldi, njia za kuingizia hewa kwenye silinda, kwa kuwa ganda moja likivutwa ndani linakwenda hadi kwenye vali. Kwenye trekta lenye filta ya bakuli la oili, mwaga oili ya zamani na matope yake, jaza mpya hadi kwenye mstari, usizidishe.

Bakuli la kioo chini ya tangi la dizeli lilionyesha maji: tabaka la chini lenye mpaka unaoonekana wazi, na chembe za kutu. Tangi lilikuwa limeachwa nusu. Sehemu tupu ya tangi hujaa hewa, hewa ya usiku hupoa na kuacha unyevu, unyevu unashuka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Trekta linalokwenda kulala hujazwa tangi juu kabisa. Bakuli lilimwagwa, chini ya filta za dizeli pakafunguliwa hadi ikatoka safi, filta zikabadilishwa.

Matairi yalipungua upepo kama ilivyo kawaida. Kwa jembe, ya nyuma hukaa katikati ya psi 12 na 16, ya mbele karibu mara mbili ya hapo, kutegemea saizi na mzigo. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na kwenye kitabu cha trekta. Pima nati za magurudumu kwa spana. Pedali mbili za breki zishuke sawa, na zifungwe pamoja kwa kile kiungio chake kabla ya kwenda barabarani, kwani ukikanyaga moja peke yake ukiwa mbio trekta linageuka na kupinduka.

Sasa ule ukimya.

Betri ilipimwa bila kuwashwa chochote: volti 12.2. Betri iliyojaa husoma karibu 12.6, kwa hiyo hii ilikuwa na nusu tu. Lakini nusu ya betri huifanya stata izunguke kwa uvivu, au itoe "tik tik". Kimya kabisa wakati taa zinawaka kina maana nyingine: umeme haufiki kwenye solenoidi. Betri ilitolewa na kuchajiwa, na vichwa vyake vilivyoota unga mweupe vikaoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa, kisha vikapakwa grisi. Unapofungua, anza na waya wa hasi. Unapofunga, umalizie nao. Spana ikigusa bodi, yaani chuma cha trekta, wakati wa kufungua chanya huku hasi bado imefungwa, ni shoti ya betri nzima, na betri inayochaji hutoa gesi inayolipuka.

Kisha leva. Matrekta ya familia hii yana leva mbili za gia: moja ya kuchagua 1 hadi 4 na nyuma, nyingine ya kuchagua H (mwendo wa juu) au L (mwendo wa chini). Ile ya H na L ina nafasi ya katikati, na hapo tu ndipo swichi ya usalama kwenye gia boksi huruhusu stata. Leva ilikuwa kwenye L. Kwa vile kabari zilikwishawekwa, ilirudishwa katikati, na leva kubwa, ile ya 1 hadi 4, nayo ikawekwa huru. Ufunguo ukazungushwa. Kimya bado.

Hapo inatafutwa njia ya waya, na hapa fundi anajikuta amesimama pale pale alipotaka kusimama mwenye bisibisi. Kwa hiyo kabla ya kupima: leva zote huru, kabari mahali pake, kitasa cha kuzimia kimevutwa nje, na ule waya mdogo wa solenoidi unachomolewa kabisa. Taa ya kupimia inaunganishwa kwenye ncha ya waya uliochomolewa na kwenye bodi. Msaidizi anazungusha ufunguo, taa inasema kama umeme umefika, na stata haiwezi kuzunguka hata kwa bahati mbaya. Taa haikuwaka. Kwenye mlango wa kutokea wa swichi ya ufunguo, iliwaka. Waya umekatika katikati.

Ulifuatwa kwa vidole kutoka dashibodi kwenda chini. Karibu na kiti, sentimita chache za ganda la waya zilikuwa zimeliwa na panya, shaba imekatika. Hiyo ndiyo sababu ya ukimya. Lakini kidole kilipoendelea hadi kwenye gia boksi, kikakuta kitu kingine: nyaya mbili za swichi ya usalama zimechomolewa kwenye swichi, zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa ya zamani, imeshika vumbi la misimu.

Maana yake ni kwamba trekta hili lilikuwa linaweza kuwaka likiwa kwenye gia. Panya wasingekata ule waya, asubuhi ile dereva angezungusha ufunguo huku leva iko kwenye L na trekta lingeruka kuelekea mlangoni, alikokuwa amesimama utingo.

Kuna atakayesema dereva angekanyaga klachi. Akanyage, ni lazima kila mara, lakini asiiamini peke yake baada ya trekta kulala muda mrefu. Sahani ya klachi ikikaa miezi kadhaa imebanwa kwenye gurudumu la injini ndani ya unyevu, inaweza kushikana nalo kwa kutu. Pedali inashuka vizuri, mguu unahisi kila kitu ni sawa, na klachi haijaachia. Ndiyo maana wakati wa kulaza trekta pedali ya klachi hukandamizwa na kuzuiwa chini kwa gongo. Hapa halikuwekwa. Usalama wa kwanza ni gia huru.

Waya ulibadilishwa kipande kizima kwa unene uleule, ukaunganishwa kwa viungio vya kubana na kufungwa mbali na egzosi. Swichi mpya ikafungwa kwenye gia boksi. Jaribio lake linafanywa hivi, na lisirukwe: kaa kwenye kiti, klachi na breki chini, leva kubwa iwe huru, leva ya pili iweke L, kisha zungusha ufunguo. Stata isizunguke. Rudia kwenye H. Leva kubwa ikiwa huru, hata swichi ikishindwa trekta halitasogea. Wanaojaribu wakiwa wameingiza gia zote mbili wanacheza na ukuta wa banda.

Kwa sababu pampu na filta za dizeli zilifunguliwa, mfumo una hewa na lazima ublidiwe, yaani hewa itolewe. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, piga ile leva ndogo ya pampu kwa mkono hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Endelea kwenye skrubu za pampu kubwa inayosukuma dizeli kwenye nozeli, ya ubavuni kwanza kisha ya juu. Leva ndogo ikionekana haina nguvu, kemu imesimama kwenye kilele chake; izungushe injini mzunguko mmoja kisha ujaribu tena. Mwisho legeza nati za mabomba mawili ya nozeli, zungusha stata hadi dizeli ichuruzike, kaza. Usiweke kidole kutafuta uvujaji kwenye mabomba hayo. Dizeli inayotoka kwa msukumo wa zaidi ya bari 150 hupenya ngozi kama sindano. Tundu linaonekana dogo, lakini mtu huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama haumwi, na daktari aambiwe wazi kuwa ni dizeli ya presha.

Milango ya banda yote wazi, moshi wa egzosi ni sumu. Utingo anasimama mbele, pembeni, mahali dereva anapomwona. Watoto waondolewe, na watakuwepo, kwa kuwa trekta linalowashwa huwakusanya. Dereva anapanda akitazama trekta, mikono miwili imeshika, anakaa, anafunga mkanda kama trekta lina upinde wa kinga. Leva zote huru, PTO (shafti ya nyuma inayoendesha vifaa) imezimwa, kitasa cha kuzimia kimesukumwa ndani, mkono wa mafuta nusu, klachi chini. Honi. Ufunguo unashikwa sekunde 10, zisizidi 15. Ikikataa, subiri dakika moja stata ipoe. Spirei ya kuwashia haina kazi katika joto la Kilombero, na kwenye injini yenye kipasha moto ndani ya manifoldi inalipua. Kipasha hicho ni cha asubuhi za baridi kama za Njombe.

Iliwaka mara ya pili, kwa moshi mweupe kidogo uliokwisha. Taa ya oili ilizimika ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini papo hapo. Mafuta yakapunguzwa hadi karibu mizunguko 1,000 kwa dakika, dakika tatu bila kuipigisha kelele, huku macho yakirudi kwenye mabomba yaliyofunguliwa. Klachi ikajaribiwa kwa kuingiza gia polepole mguu ukiwa kwenye breki: iliachia. Kijiti kikasomwa tena jioni baada ya kazi, na tena asubuhi iliyofuata. Oili haikupanda.

Bado swali moja: kwa nini nyaya za swichi zilifungwa pamoja? Jibu liko kwenye hendibreki. Ilipovutwa ilipanda hadi mwisho bila kukaza, na kwenye ule mteremko haikushika. Dereva asiyeweza kuitegemea huegesha kwenye L. Kila asubuhi swichi inamkatalia hadi airudishe leva katikati, na akiirudisha trekta linaanza kuteremka. Aliyesokota zile nyaya alikuwa anakwepa hilo. Ukifunga swichi mpya na kuiacha hendibreki ilivyo, tepu nyeusi itarudi kabla ya masika.

Rekebisho lake halikuchukua hata saa moja: nati ya kukazia kwenye fimbo ya hendibreki ilizungushwa hadi leva ikashika baada ya meno machache, na magurudumu yakazunguka bila kukwaruza ilipoachiwa. Kisha ikajaribiwa mlangoni pale penye mteremko, gia huru, injini imezimwa, kabari zikiwa umbali wa upana wa kiganja kutoka kwenye matairi. Trekta halikusogea kuzifikia.